Kutoka "kwa wazungu" hadi Golf: wakazi, kipato na majina katika mitaa ya wenye nacho ya Lubumbashi

Kila mji mkubwa una mtaa ambao jina lake, likitajwa tu, humweleza msikilizaji kiasi cha fedha kilichomo mfukoni mwa anayekaa huko. Mjini Lubumbashi jina hilo kwa sasa ni Golf. Wakazi wa Kenya, Katuba au Ruashi wakisema kwamba fulani amejenga Golf, hawana haja ya kuongeza kitu. Hata hivyo, miaka sitini na mitano iliyopita maana hiyo hiyo ilibebwa na maneno mengine, na waliokuwa wakitajwa walikuwa watu wengine kabisa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wakazi wa mitaa ya wenye nacho ya Lubumbashi walivyobadilika, kipato chao kilitoka wapi, na Kiswahili cha mji huu kiliwaitaje. Hoja inayotetewa ni kwamba kila mara chemchemi ya kipato ilipohama, wakazi wa mitaa hiyo walihama nayo, na kwamba maneno ya watu wanaofanya kazi katika nyumba hizo yametunza kumbukumbu ya mabadiliko hayo kwa uaminifu mkubwa. Kumbukumbu hiyo si pambo. Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo watafiti wamejitahidi, na uchunguzi wa César Nkuku Khonde na Marcel Rémon kuhusu kaya 14,000 za Lubumbashi, uliochapishwa mwaka 2006, ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini sampuli hata ikiwa kubwa namna gani haitoshi kueleza nani alihama, nani akaingia, na kwa fedha gani, katika muda wa zaidi ya miaka mia moja. Hapo lugha inaweza kuitwa shahidi.

Mji wenye pengo katikati

Ikumbukwe kwamba Elisabethville, kama ulivyoitwa mji huu hadi mwaka 1966, ulizaliwa kwa sababu ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika mwaka 1910, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa. Na tanuri la Lubumbashi lilitoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Upande mmoja vilipangwa viwanja vikubwa vyenye bustani, barabara pana na safu za miti ya kivuli. Upande wa pili, kuanzia miaka ya 1920, palijengwa makao ya Waafrika yaliyoitwa Cité Albert, ambayo leo ni Kamalondo. Kati ya pande hizo mbili iliachwa ardhi tupu yenye upana wa mita mia kadhaa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiafya: eti mbu aliyemuuma Mwafrika mwenye malaria asiweze kuruka hadi kwenye chandarua cha Mzungu. Mbu huyo alipewa kazi kubwa kuliko mabawa yake, kwani watumishi walivuka pengo hilo kila alfajiri, na ilikuwa desturi kwa wengine kulala nyuma ya nyumba ya bwana.

Katika Kiswahili cha mji, upande ule uliitwa "kwa bazungu". Jina hili linastahili kutazamwa kwa makini. Halitaji mlima, mto wala mti. Linataja wenye mahali. Tena linawataja kwa rangi, si kwa mali. Kwa kweli mali zao hazikulingana hata kidogo. Mkurugenzi wa kampuni, karani Mbelgiji wa serikali, fundi Mwitaliano, Mgiriki mwenye duka na Myahudi aliyetoka kisiwa cha Rhodes na kufungua biashara ya vitambaa hawakula meza moja. Wengine kati yao walifika na sanduku moja tu. Neno "muzungu" liliwakusanya wote katika fungu moja, kwa kuwa sheria nayo iliwakusanya: wote waliweza kulala upande ule kwa haki, na Mwafrika, hata awe na elimu gani, hakuweza.

Waliojua tofauti zilizofichwa na neno hilo walikuwa watumishi wa nyumbani. Methali husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Boyi wa Elisabethville alivijua hata vitanda ambavyo hakuvilalia. Neno "boyi" lenyewe linaonyesha njia lililopitia, maana ni la Kiingereza lililopanda reli kutoka kusini, ingawa mabwana wengi walisema Kifaransa. Ujuzi wa watumishi hao haukupotea wote. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kilitoa, kwa mkono wa André Yav, historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi na kupewa jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Johannes Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, aliichapisha pamoja na tafsiri na ufafanuzi mwaka 1990. Wanafunzi wa isimu mara nyingi huisoma kazi hiyo ili kutafuta viambishi na tahajia, na si vibaya. Lakini thamani yake kwa suala letu ni kwamba inauhesabu mji kwa kuanzia jikoni: nani alifika lini, nani alikuwa mkubwa wa nani, nani alilipa vizuri na nani hakulipa.

Neno la cheo

Tarehe 30 Juni 1960 nchi ilipata uhuru, na siku kumi na moja baadaye Katanga ikatangaza kujitenga, hali iliyodumu hadi Januari 1963. Wazungu wengi waliondoka, baadhi yao wakarudi. Badiliko kubwa zaidi la wakazi, hata hivyo, halikuletwa na bunduki bali na daftari la mishahara. Mwanzoni mwa mwaka 1967 mali za Union Minière zilitwaliwa na serikali, na kampuni mpya, iliyokuja kujulikana kama Gécamines, ikaanza kuwapandisha wahandisi, waganga na wahasibu Wakongo katika vyeo vilivyokuwa vya Wabelgiji. Cheo kilikuja pamoja na nyumba. Hivyo familia ambazo baba yao alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi zikahamia katika nyumba zenye veranda, bustani na chumba cha mtumishi nyuma.

Mwaka 1973, tarehe 30 Novemba, serikali ilitangaza hatua za kuwapa Wazairi maduka, mashamba na biashara za wageni. Wagiriki, Waitaliano na Wayahudi wengi wa Lubumbashi walipoteza mali zao kwa muda au kwa moja. Ijapokuwa sehemu ilirudishwa baada ya hapo, wengi hawakuwa na moyo wa kuanza upya. Vita vya Shaba vya mwaka 1977 na 1978, hasa mauaji ya Kolwezi ya Mei 1978, viliongeza safari za kuondoka. Benjamin Rubbers, aliyewachunguza Wazungu waliobaki Katanga, ameonyesha katika kitabu chake cha mwaka 2009 jinsi jamii hiyo ilivyopungua na kujikunja.

Basi jina "kwa bazungu" lilianza kupwaya, kama koti la marehemu lililovaliwa na mrithi mwembamba. Lugha ilifanya nini? Ilileta neno la cheo: "kadre", wingi "bakadre". Kadre hakuwa tajiri kwa maana ya mtu mwenye mali yake mwenyewe. Nyumba ilikuwa ya kampuni, gari mara nyingi lilikuwa la kampuni, maji na umeme vililipwa na kampuni, watoto walisoma katika shule za kampuni na kutibiwa katika hospitali zake. Mfanyakazi wa kawaida naye alipata posho ya unga, shule na matibabu, kwa kiwango chake. Ndiyo maana watu walisema kampuni ni baba na mama. Msemo huo unaeleza uchumi kwa usahihi kuliko hotuba nyingi: mtoto hana mali, ana baba.

Jambo jingine lilitokea kimyakimya, nalo lahusu neno "muzungu". Mtumishi aliyekuwa akimwita bwana wake Mbelgiji "muzungu wangu" aliendelea, mara nyingi, kumwita hivyo mwajiri mweusi. Hata leo husikika mlinzi wa lango, ambaye Walubumbashi humwita "zamu", akisema "muzungu ametoka" huku akimzungumzia Mkongo aliyezaliwa Likasi. Msemaji wa Kiswahili kutoka Dar es Salaam anaweza kushangaa kwanza, kisha akacheka. Kwa mtazamo wa isimu hakuna la kuchekesha: neno lilipoteza sifa ya rangi na kubaki na sifa ya kutoa amri na kulipa mshahara. Yaani neno lilihama kutoka kwenye ngozi hadi kwenye mfuko, na lilihama wakati ule ule nyumba zilipobadilisha wakazi.

Baba alipoondoka

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zipatazo 476,000 za shaba, ikiwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, mjini Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1991 yakaja maporomoko mengine, ya uporaji katika miji ya nchi. Kufikia mwaka 1994 kampuni ilitoa karibu tani 30,000 tu, yaani chini ya sehemu moja ya kumi na tano ya kile ilichotoa miaka minane nyuma. Kuanguka huko kulikuwa na sababu nyingi: migodi isiyotunzwa, fedha zilizochotwa na watawala, mitambo iliyochakaa, wafadhili waliojitoa.

Kati ya mwaka 1992 na 1994 mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, hasa Likasi na Kolwezi. Wengi walizaliwa hapa, nao au wazazi wao waliletwa na Union Minière yenyewe tangu miaka ya 1920. Walilala katika vituo vya reli wakingoja treni, na wengi walifia humo. Waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Mwanaisimu hana ruhusa ya kulipita neno hilo kwa haraka ati kwa sababu ni la aibu. Nomino ya ngeli ya watu ilibadilishwa kuwa ya ngeli ya vitu, na baada ya hapo nyumba ya mtu ikawa nyumba ya kitu, inayoweza kuchukuliwa au kununuliwa kwa bei ya kutupa. Miongoni mwa waliofukuzwa walikuwemo makadre, walimu na waganga, watu waliokuwa wameingia katika nyumba za Wabelgiji miaka ishirini kabla. Mitaa ya wenye nacho ya miji ya shaba ilibadilisha wakazi mara nyingine tena, na mara hii hakuna aliyepandishwa cheo.

Waliobaki hawakuneemeka. Oktoba 1993 ilitolewa sarafu mpya, ambapo zaire moja mpya ilikuwa na thamani ya zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka uliofuata bei zikapanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Mshahara wa kadre, ukilipwa, uliyeyuka njiani kati ya benki na soko. Katika nyumba zenye veranda watu walilima mahindi na mboga penye maua, wakafuga kuku ndani ya karakana za magari, na wake wa makadre wakaanza kuuza unga, mafuta na mikate mbele ya lango. Donatien Dibwe dia Mwembu ameiita jamii hii, katika kichwa cha kitabu chake cha mwaka 2001, watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Hapo uongozi wa nyumba nao ulibadilika, kwa kuwa aliyeleta chakula hakuwa tena yule mwenye kadi ya kampuni.

Kwa wakati huo nyumba iliyokuwa ya bure ilipata bei. Kampuni na idara mbalimbali ziliwauzia wakazi baadhi ya nyumba, na pengine nyumba ilihesabiwa kama malipo ya mshahara uliocheleweshwa. Mtu aliyepata karatasi ya nyumba bila kipato cha kuitunza alikuwa na mambo mawili tu ya kufanya: kukodisha kwa dola, au kuuza. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walikubali kuondoka kwa hiari, kama ilivyoitwa, kwa malipo ya mara moja yaliyogharimiwa na Benki ya Dunia. Fedha hizo ziliisha upesi.

Neno la mahali

Sheria mpya ya migodi ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa makampuni ya nje. Wakafika Wakanada, Waaustralia, Waafrika Kusini, Wahindi, na hasa Wachina. Walebanoni na Wahindi walichukua sehemu kubwa ya biashara iliyokuwa ya Wagiriki. Wakongo nao walipata nafasi mpya: wanasheria, wasafirishaji, mawakala wa forodha wa Kasumbalesa, wanasiasa, na wanunuzi wa madini waliosimama kati ya wachimbaji wa mikono, wanaoitwa "bakrezeri", na matanuri. Mwaka 2014 uzalishaji wa shaba wa nchi nzima ulipita tani milioni 1. Mwaka 2023 ulikuwa umepita milioni 2.

Hapo ndipo Golf ilipokua. Mtaa wa Lido-Golf, ulioko katika komini ya Lubumbashi, ulikuwapo zamani. Kilichobadilika ni wingi na namna ya nyumba. Ukuta ulipanda, juu ya ukuta zikawekwa nyaya za umeme, na nyuma ya ukuta mashine ya kuzalisha umeme ikanguruma pale umeme wa serikali ulipokatika. Nyumba za zamani za Wabelgiji zilikuwa na ua wa majani ambao mpita njia aliweza kuona bustani kupitia humo. Nyumba mpya humwonyesha lango tu. Uani, aghalabu, chakula cha familia bado huiva juu ya makala, na hapa neno litumike kwa maana yake ya Kikongo.

Tofauti ya msingi kati ya enzi hii na ile ya kadre ni namna kipato kinavyosafiri. Kampuni ya zamani ililipa kwa kujenga: kambi, shule, hospitali, nyumba ya cheo. Makampuni mengi mapya humlipa mfanyakazi fedha, pengine pamoja na posho ya makazi, kisha humwachia soko. Sehemu kubwa ya kazi hupewa wakandarasi wadogo wenye mikataba mifupi. Matokeo yake ni kwamba anayepata mkataba mzuri anaweza kupanga nyumba Golf ndani ya mwezi mmoja, na mkataba ukiisha anaondoka kwa kasi ile ile. Mwishoni mwa mwaka 2008, bei ya shaba iliposhuka ghafla, matanuri mengi madogo yalifungwa, na malango mengi yakabandikwa kibao cha kupangisha. Tena mwaka 2015 Katanga iligawanywa, Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo la Lualaba lenye migodi mikubwa, na sehemu ya fedha zilizokuwa zikitumika Lubumbashi ikafuata barabara ya magharibi.

Jina lenyewe linaonyesha hali hiyo. "Kwa bazungu" lilitaja watu. "Kadre" lilitaja cheo. "Golf" linataja mahali, na tena kwa mchezo ambao wengi wa wakazi wake hawauchezi. Halisemi mkazi ni nani wala anafanya kazi gani. Linasema tu kwamba analipa.

Lugha za ndani ya kuta hizo zinahitaji uchunguzi wake pekee. Kifaransa ni lugha ya wazazi kwa watoto. Kiingereza kimeingia pamoja na migodi. Kilingala kimefuata watu wa Kinshasa, na Kiluba cha Kasai kimerudi pamoja na waliorudi. Madereva wanaopeleka shaba bandari ya Dar es Salaam huleta Kiswahili chenye ladha nyingine. Lakini Kiswahili cha kila siku mtoto wa Golf hukipokea, kwa sehemu kubwa, kutoka kwa dada wa kazi, mpishi na zamu. Anakijua kama lugha ya kuagizia. Hujifunza "leta", "fungua", "osha" mapema, na maneno ya kuomba radhi kwa kuchelewa. Jambo hili liwatie wasiwasi wanaofundisha Kiswahili chuoni, kwa kuwa ndio wanafunzi watakaoketi mbele yao wakiamini kwamba lugha hiyo haina sarafu nyingine ila amri.

Walimu hao wenyewe, kama watumishi wengine wa serikali, hawawezi kupanga nyumba ya Golf kwa mshahara wao. Wengi hukaa katika mitaa ya zamani, katika viwanja vilivyogawanywa. Lupango uliopimwa kwa ajili ya familia moja ya Kibelgiji na watumishi wake sasa hubeba kaya tatu au nne: mwenye nyumba mbele, au mpangaji wake anayelipa kwa dola, na nyuma, katika vyumba viwili vya matofali karibu na ukuta, familia ya mwalimu au karani wa serikali. Vyumba hivyo vilijengwa viwe vya watumishi na viliitwa "boyeri". Anayepanga humo hasemi kwamba anakaa boyeri. Husema anakaa "anekse". Kuta ni zile zile, mlango ni ule ule unaotazama jiko la nyumba kubwa. Na zamu anapolala katika chumba cha namna hiyo hiyo kwa jirani, jina la zamani hurudi mara moja.